Bert Williams: Mcheshi Aliyefichwa Nyuma ya Masizi

Mwanzoni mwa karne ya 20, mmoja wa wachekeshaji waliopendwa kupita wote katika kumbi za Marekani alikuwa mtu mweusi aliyelazimika kujipaka weusi kabla ya kupanda jukwaani. Jina lake Bert Williams. Ngozi yake ilikuwa maji ya kunde, umbo lake refu, sauti yake nzito na ya upole. Nyumbani alikuwa na vitabu tele, na waliomjua walimtaja kuwa mtu mkimya mwenye heshima. Lakini waliolipa kiingilio hawakuja kumwona mtu huyo. Walikuja kumwona yule wa masizi, na kwa karibu miaka 25 Williams aliwapa walichotaka, huku chini ya masizi hayo akiwatilia kitu ambacho hawakukiagiza.

Egbert Austin Williams alizaliwa Nassau, katika visiwa vya Bahamas, tarehe 12 Novemba 1874, enzi ambayo visiwa hivyo vilikuwa koloni la Uingereza. Wazazi wake, Frederick na Julia, walihamia Marekani yeye akiwa bado mtoto. Walikaa kwanza Florida, kisha wakavuka bara zima hadi mji wa Riverside, California, alikomalizia masomo ya sekondari. Hakukulia katika mashamba ya pamba ya Kusini wala hakuzungumza kama watu wa huko. Lafudhi ya jukwaani iliyompatia jina alijifunza ukubwani, kwa kusikiliza na kuiga, kama mtu anavyojifunza lugha ya ugenini.

Kazi aliyoiingia ilikuwa imeshachafuliwa kabla yake. Tangu miaka ya 1830, wazungu wa Marekani walikuwa wakijipaka masizi, wakajichora midomo minene, wakapanda jukwaani kuwaigiza watumwa kama watu wajinga, wavivu na wezi wa kuku. Maonyesho hayo yaliitwa minstrel, na kwa miongo kadhaa hapakuwa na burudani iliyopendwa kuyashinda. Baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1865, wasanii weusi nao waliingia katika biashara hiyo, kwa kuwa milango mingine ya jukwaa ilikuwa imefungwa. Walikuta hadhira imekwisha kuamua mtu mweusi anafananaje. Asiyefanana na picha ile hakupata kazi.

Mwaka 1893, katika jiji la San Francisco, Williams alikutana na kijana aliyeitwa George Walker, mzaliwa wa Lawrence, Kansas. Walikuwa watu wawili tofauti kabisa. Walker alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mtanashati, mwepesi wa miguu na wa maneno, na kichwa chake kilijaa mipango ya biashara. Williams alikuwa mzito wa mwendo na mwenye haya. Wakaunda jozi, na jozi hiyo ilidumu miaka 16.

Baada ya muda si mrefu lilitokea jambo ambalo hawakulisahau. Mwaka 1894 San Francisco iliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa katika bustani ya Golden Gate. Kati ya vivutio vyake kilikuwamo kijiji cha watu wa Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin, waliosafirishwa ili watazamwe na umma. Mwezi Januari mwaka huohuo mfalme wa Dahomey, Béhanzin, alikuwa amejisalimisha kwa majeshi ya Ufaransa. Waafrika waliotarajiwa walichelewa kufika, na waandaaji hawakutaka kukosa mapato. Wakawaajiri Wamarekani weusi wavae ngozi na kujifanya watu wa Dahomey. Williams na Walker walikuwa miongoni mwao.

Watu wa Dahomey wenyewe walipowasili, wale wa kuigiza wakaachishwa kazi, lakini wakaruhusiwa kuingia bure. Walker aliandika habari hizo mwaka 1906, akaeleza jinsi walivyokuwa wakienda mara kwa mara kuwatazama Waafrika wale na kusikiliza nyimbo zao. Hapo ndipo walipoazimia kwamba siku watakapokuwa na onyesho lao wenyewe, Afrika itakuwa ndani yake. Vijana wawili waliolipwa kuwaigiza Waafrika kwa uongo walitoka pale na hamu ya kuwajua kwa kweli.

Mwanzoni Walker ndiye aliyekuwa mchekeshaji na Williams ndiye aliyemjibu kwa uso mkavu. Kadiri siku zilivyokwenda waligundua kwamba watu wanacheka zaidi Williams anapopatwa na balaa. Wakabadilishana nafasi. Walker akawa mtanashati mwenye njama, anayevaa suti za bei mbaya kwa fedha za mwenzake. Williams akawa mtu mwenye mkosi, mwenye viatu vikubwa na koti lililombana, ambaye kila jambo linamwendea mrama. Wakiwa Detroit, katikati ya miaka ya 1890, Williams alijipaka masizi kwa mara ya kwanza, kama kujaribu tu. Aliona kinachotokea ukumbini, na tangu siku hiyo hakuyaacha.

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu. Mwigizaji alichoma vizibo vya chupa mpaka vikawa mkaa, akavisaga, akavichanganya na maji au mafuta, kisha akajipaka uso mzima mpaka shingoni. Kuzunguka midomo aliacha nafasi ili kinywa kionekane kikubwa. Kichwani aliweka wigi la nywele za kipilipili, na mikononi akavaa glavu ili rangi yake halisi isionekane. Williams alifanya hivyo usiku baada ya usiku, mji baada ya mji. Baadaye alisema kwamba ni chini ya masizi hayo ndipo alipojitambua kuwa mchekeshaji, kwa sababu kinyago kilimwondolea haya, kikamwezesha kumtazama mtu aliyemwigiza kwa mbali. Kauli hiyo ni ya kweli na ni nzito: kilichomdhalilisha ndicho kilichomfungulia kipaji.

Mwaka 1896 jozi hiyo iliingia New York. Silaha yao kubwa ilikuwa dansi ya cakewalk, iliyozaliwa mashambani enzi za utumwa, pale watumwa walipoigiza maringo ya mabwana zao katika karamu. Ngoma ya kuwacheka matajiri ikageuka kuwa ngoma ya matajiri wenyewe. Mabibi wa New York waliikimbilia kuijifunza, wala hawakujua kwamba wao ndio waliochekwa ndani yake.

Umaarufu huo haukuwa ngao. Mwezi Agosti 1900, baada ya polisi mmoja mzungu kuuawa katika ugomvi na mtu mweusi, makundi ya wazungu yalivamia mitaa ya New York yakipiga kila mweusi yaliyemkuta, na askari walisimama upande wa wavamizi. Makundi hayo yaliwatafuta wasanii weusi kwa majina, Williams na Walker wakiwamo. Walker aliponea chupuchupu. Watu walewale waliowapigia makofi ukumbini wangeweza kuwapiga marungu barabarani.

Mwaka uliofuata, 1901, wawili hao walirekodi nyimbo zao kwa kampuni ya Victor, wakawa kati ya wasanii weusi wa kwanza kuingizwa katika santuri. Lakini shabaha ya Walker ilikuwa kubwa zaidi: alitaka onyesho kamili, lililoandikwa na weusi, kutungiwa muziki na weusi na kuigizwa na weusi, katika ukumbi mkubwa wa Broadway. Tarehe 18 Februari 1903 onyesho hilo lilifunguliwa katika ukumbi wa New York Theatre. Liliitwa In Dahomey. Muziki ulikuwa wa Will Marion Cook, aliyesomea fidla Ujerumani. Maneno ya nyimbo yaliandikwa na mshairi Paul Laurence Dunbar, na hadithi ikaandikwa na Jesse Shipp. Hadithi yenyewe ilihusu kundi la Wamarekani weusi wanaopanga kuhamia Afrika. Ahadi ya San Francisco ilikuwa imetimizwa, ingawa Afrika iliyoonekana jukwaani ilikuwa ya ndoto kuliko ya ramani.

Mwezi Mei walivuka bahari hadi London na kucheza katika ukumbi wa Shaftesbury. Tarehe 23 Juni 1903 kundi zima liliitwa katika kasri la Buckingham kucheza mbele ya Mfalme Edward wa Saba, siku mjukuu wake alipotimiza miaka tisa. Jukwaa lilijengwa bustanini. Watu ambao kwao Marekani wasingeruhusiwa kula katika hoteli nyingi walikuwa wakimchekesha mfalme nyumbani kwake. Safari iliendelea Uingereza na Uskoti, na onyesho likadumu njiani kwa muda mrefu kuliko lilivyodumu New York.

Waliporudi walitoa Abyssinia, mwaka 1906, miaka kumi tu baada ya jeshi la Menelik wa Pili kuwashinda Waitaliano huko Adwa. Katika tamthilia hiyo Wamarekani weusi wanasafiri hadi Ethiopia, na Menelik mwenyewe ni mmoja wa wahusika. Kwa watu waliozoea kuona Mwafrika akichorwa kama mshenzi, kumwona mfalme mweusi jukwaani akitoa hukumu na kutiiwa lilikuwa jambo jipya.

Enzi hizohizo Williams alipata wimbo uliomfuata mpaka kaburini. Wimbo huo, Nobody, aliutunga pamoja na Alex Rogers na kuurekodi kwa kampuni ya Columbia mwaka 1906. Ni malalamiko ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsaidia, naye ameapa kutomsaidia mtu. Williams hakuuimba kwa kupaza sauti. Alitoa kijitabu kidogo mfukoni, akakipekua taratibu kana kwamba anatafuta neno lililompotea, kisha akayasema maneno kwa sauti ya kuchoka, nusu akiimba nusu akizungumza, huku tromboni ikilia nyuma yake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Miaka ilipita, na hadhira haikumkubalia kushuka jukwaani bila wimbo huo, hata mwenyewe akauchoka.

Mwaka 1908 walifungua Bandanna Land, na humo ndimo jozi ilipovunjikia. Walker alipatwa na ugonjwa wa kaswende ulioshambulia ubongo. Alianza kusahau maneno na ulimi ukawa mzito. Mwaka 1909 aliacha jukwaa. Mkewe, Aida Overton Walker, mchezaji dansi mahiri ambaye pia ndiye aliyewapangia dansi zao, alivaa suti za mumewe na kucheza nafasi yake ili onyesho lisife. Walker alifariki Januari 1911. Williams alipoteza rafiki, na pia alipoteza mtu pekee aliyemfanyia mapambano ya nje: kudai mikataba, kubishana na wenye kumbi, kuwatetea wasanii wengi waliopata riziki kupitia kundi lao. Yeye hakuwa na kifua cha ugomvi. Alijaribu onyesho moja peke yake, Mr. Lode of Koal, halikufika mbali.

Ndipo akaja Florenz Ziegfeld. Mwaka 1910 tajiri huyo wa maonyesho alimwajiri Williams katika Follies, onyesho la kifahari kuliko yote New York, ambalo waigizaji wake walikuwa wazungu watupu. Baadhi yao walitishia kuondoka. Ziegfeld aliwajibu kwamba anaweza kupata mbadala wa kila mmoja wao, isipokuwa Williams. Wakabaki. Kwa mara ya kwanza msanii mweusi alisimama kama nyota katika onyesho kubwa la wazungu la Broadway. Hata hivyo masharti yalikuwapo. Hakutakiwa kuwa jukwaani peke yake na mwanamke mzungu, na onyesho halikupaswa kumpeleka majimbo ya Kusini. Masharti hayo, pamoja na kwamba yalikuwa ya aibu, yalimlinda pia, kwa maana katika majimbo yale watu weusi walikuwa wakiuawa na makundi ya wazungu kwa tuhuma ndogo kuliko kuonekana na mwanamke mzungu.

Alidumu na Follies, kwa vipindi, mpaka mwaka 1919. Vijana waliopita hapo, kama Eddie Cantor na W. C. Fields, walimtazama kama mwalimu. Kipande kilichowafunga midomo kilikuwa mchezo wa karata usio na neno hata moja. Williams alikaa kwenye meza bila wenzake, taa moja ikimwangazia, akaigiza mchezo mzima wa poka. Aligawa karata ambazo hazipo. Aliinua zake moja moja, na uso ukachangamka kidogo, kiasi cha mtu anayejizuia asionekane amefurahi. Akawatazama wapinzani ambao hawapo, akapima nani anadanganya. Akaweka dau, akaongeza, akasubiri. Kisha mabega yakashuka pole pole, macho yakafuata fedha zikivutwa na mtu mwingine, na ukumbi mzima ukajua kwamba amekwisha. Hakuna mtu aliyecheka kwa sababu ya rangi yake hapo. Walicheka kwa sababu wao nao wamewahi kushindwa.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya chini ya masizi. Mhusika aliyerithi kutoka minstrel alikuwa mpumbavu anayestahili balaa lake. Williams akamgeuza kuwa binadamu anayeelewa kila kinachompata na asiye na uwezo wa kukizuia. Alipunguza kelele, akapunguza mikiki, akauacha uso ufanye kazi. Kuna weusi wa wakati wake waliomlaumu kwa kuendeleza sura ya kinyago, na lawama yao ilikuwa na haki. Wengine, kama Booker T. Washington, walimsifu wakisema amefanya mengi kwa ajili ya watu wake. Pande zote mbili zilikuwa zinamtazama mtu yuleyule aliyewekwa mahali pasipo njia safi.

Filamu nayo ilimfuata. Mwaka 1913 kampuni ya Biograph, kwa ushirikiano na wafanyabiashara Klaw na Erlanger, ilimweka mbele ya kamera huko New York na New Jersey pamoja na kundi kubwa la waigizaji weusi. Hadithi ilikuwa nyepesi: wanaume watatu wanashindania moyo wa binti mmoja, aliyeigizwa na Odessa Warren Grey. Katika picha hizo tunaona watu weusi wakiandamana na bendi, wakicheza cakewalk, wakipanda farasi wa kuzunguka wa kiwanja cha michezo. Williams peke yake ndiye aliyepakwa masizi. Wenzake wamevaa nguo nzuri na nyuso zao wenyewe. Mwishoni yeye na mpenzi wake wanabusiana mlangoni, kwa upole na bila mzaha, jambo lililokuwa nadra kabisa kuonyeshwa kati ya watu weusi katika sinema za enzi ile.

Filamu hiyo iliachwa kabla ya kuhaririwa. Mikanda ikafungiwa. Mwaka 1915 iliyotikisa nchi ilikuwa The Birth of a Nation, filamu iliyowachora weusi kama wanyama na kulitukuza kundi la Ku Klux Klan. Hivyo ndivyo sinema ya Marekani ilivyoamua kuwaonyesha watu weusi, wakati picha za watu weusi wakicheka, wakicheza na kupendana zimelala stoo. Mwaka 1916 Biograph ilitoa filamu fupi mbili za Williams, Fish na A Natural Born Gambler. Katika hiyo ya pili mhusika wake anaishia jela kwa kosa la kamari, na ndani ya chumba cha gereza anaucheza ule mchezo wa karata zisizokuwapo. Ni kwa sababu ya filamu hiyo sisi leo tunaweza kuona alichokuwa akikifanya jukwaani.

Nje ya ukumbi maisha yalikuwa na kanuni zake. Eddie Cantor alisimulia kwamba Williams alipofika hotelini baada ya onyesho alitakiwa apande kwa lifti ya nyuma, ya mizigo. Alimwambia Cantor kuwa isingemuuma sana kama makofi yasingekuwa bado yanamlia masikioni. Mwaka 1918 aliandika katika jarida la American Magazine kwamba hajapata kuona aibu yoyote katika kuwa mtu mweusi, ila mara nyingi ameona kwamba huko Marekani ni usumbufu. Ndivyo alivyosema mambo: kwa utaratibu, akamwachia msikilizaji apime uzito mwenyewe. W. C. Fields, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alimwita mtu mcheshi kuliko wote aliowaona, na mwenye huzuni kuliko wote aliowajua.

Agosti 1919 waigizaji wa New York waligoma. Fields alikuwa akisimulia jinsi Williams alivyofika ukumbini, akajipaka, akavaa, akatoka jukwaani na kukuta viti vitupu. Hakuna aliyekuwa amemwambia, kwa kuwa chama cha waigizaji, Actors' Equity, hakikuwa kimemwandikisha kama mwanachama. Nyota wa onyesho hakujua kwamba wenzake wamegoma.

Aliendelea kufanya kazi huku afya ikimtoka. Mwishoni mwa Februari 1922, akiwa Detroit katika onyesho la Under the Bamboo Tree, alianguka jukwaani kwa homa ya mapafu. Watu walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Alirudishwa New York, akafariki nyumbani Harlem tarehe 4 Machi 1922, akiwa na umri wa miaka 47. Alimwacha mjane wake, Lottie, aliyewahi kuwa mwigizaji katika kundi lao. Maelfu walijitokeza kumuaga, naye akazikwa katika makaburi ya Woodlawn, Bronx.

Mikanda ya mwaka 1913 ilikaa kimya miaka mingine mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York lilichukua shehena ya mikanda ya zamani ya Biograph, na ndani yake ilikuwamo mikanda saba isiyo na jina. Wataalamu walifanya kazi ya kuwatambua waigizaji uso kwa uso na kupanga matukio, mpaka mwaka 2014 picha hizo zikaonyeshwa hadharani, miaka 101 baada ya kupigwa. Mwaka huohuo ziliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani. Ndizo picha za zamani kuliko zote zilizosalia za filamu ndefu yenye waigizaji wakuu weusi.

Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Chanda hiki kilivikwa masizi, na wapo wanaosema kwamba kwa sababu ya masizi hayo Williams asahauliwe kama aibu ya zamani. Hoja hiyo inamwadhibu mara ya pili. Aibu ni ya waliomnyima nafasi ya kusimama na uso wake. Yeye alichukua mchezo uliotungwa kumdharau mtu mweusi, akautia akili, subira na uchungu wa binadamu, mpaka hata wenye dharau wakajiona ndani yake. Historia ya uigizaji wa vichekesho, wa jukwaani na wa filamu, haikamiliki bila yeye, na mahali pake ni safu ya mbele.